Jinsi ya Kuijua Miti ya Mtaa kwa Matembezi Unayojiongoza Mwenyewe

Matembezi ya kujifunza miti hayahitaji kiongozi, msitu wala bustani ya mimea. Barabara ya kilomita moja inayopita kati ya nyumba, shule na ofisi huwa na miti ya kutosha kumfundisha mtu mwaka mzima, mradi aitembee polepole na kwa utaratibu. Tena mti wa mjini una sifa ambayo mti wa msituni hauna: mara nyingi umesimama peke yake, kwa hiyo unaweza kuliona umbo lake lote kutoka ng'ambo ya barabara, kisha ukausogelea, ukauzunguka na kuligusa shina lake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga matembezi hayo, namna ya kuutazama mti mpaka uujue, na mambo ya kuandika ili matembezi ya pili yaanzie pale yalipoishia ya kwanza. Msimamo wangu ni kwamba miti kumi unayoijua vizuri ina faida kuliko miti mia uliyoipiga picha tu, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya msimamo huo.

Hatua ya kwanza: Chagua njia fupi

Chora njia isiyozidi kilomita mbili, inayoanza na kuishia mahali pamoja. Ukitazama picha za setilaiti za mtaa wako utaiona miti kama madoa ya kijani, na kwa madoa hayo utajua barabara ipi ina miti mikubwa, ipi ina michache, na wapi pana kiwanja, makaburi au ukingo wa mto ambako huenda miti ya zamani imeachwa. Njia nzuri ni ile inayochanganya barabara kongwe na barabara mpya, kwa sababu miti ya barabara hizo mbili mara nyingi hutofautiana kwa umri na hata kwa spishi, na tofauti hiyo yenyewe ni somo. Ukishapata njia, chagua juu yake vituo kumi hivi. Usijaribu kusimama kwenye kila mti, kwani baada ya muda macho huchoka na miti yote huanza kufanana.

Baadhi ya majiji yameweka ramani ya miti yake ya umma kwenye intaneti, ambamo kila mti una namba, jina la spishi na pengine mwaka uliopandwa. Jiji la Melbourne, Australia, lilikwenda mbali zaidi: liliipa kila mti anwani yake ya barua pepe ili wakazi waweze kuripoti tawi lililovunjika au mti unaougua, na watu wakaanza kuiandikia miti hiyo barua za kuisifu na kuishukuru. Kama jiji lako lina ramani ya namna hiyo, itumie kusahihisha majibu yako baada ya matembezi. Ukiisoma kabla, utauona mti kwa jina ulilopewa badala ya kuuona kwa macho yako.

Hatua ya pili: Beba vifaa vichache

Daftari dogo, penseli, futi kamba na simu yenye kamera vinatosha. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino kwa sababu maandishi yake hayachuruziki yakipata mvua. Lenzi ndogo ya mkononi inayokuza mara 10 ndicho kifaa pekee ambacho ningekushauri ukitafute kwa makusudi, kwa kuwa nywele za jani, tezi zilizo kwenye kikonyo na makovu ya vitawi, mambo ambayo mara nyingi huamua jina la mti, hayaonekani sawasawa bila lenzi.

Kuna masharti machache ya usalama na ya heshima. Usimame kando ya barabara, wala si juu yake, hata kama mwonekano mzuri uko katikati ya lami. Usiingie katika uwanja wa mtu bila ruhusa. Mti ulio ndani ya ua unaweza kutazamwa kutoka nje. Usivunje tawi wala kubandua gome, kwa sababu chini ya mti karibu wowote utapata jani, tunda au kitawi kilichokwisha kuanguka. Usionje chochote. Mti wa Nerium oleander, ambao hupandwa sana mijini kwa ajili ya maua yake, una sumu katika kila sehemu yake, na utomvu mweupe wa mnyaa unaweza kuyaumiza macho vibaya. Osha mikono ukirudi, na siku ya upepo mkali au radi uyaahirishe matembezi.

Hatua ya tatu: Utazame mti kutoka mbali hadi karibu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo panapostahili muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kwa kila kituo tumia angalau dakika kumi, ukifuata mpangilio uleule kila mara: umbo, shina, jani, kisha maua na matunda kama yapo.

Simama mbali kiasi cha kuuona mti mzima na ujiulize matawi yake yameelekea wapi. Mkungu (Terminalia catappa) hutoa matawi yaliyolala sawa na ardhi, yakipangika kwa ngazi moja juu ya nyingine, na mtu aliyekwisha kuuzoea huutambua kutoka mbali kabla hajaona jani. Hata hivyo, umbo la mti wa mjini ni ushahidi wa kutiliwa mashaka, kwa sababu mti huenda umepogolewa mara nyingi kupisha nyaya za umeme, paa au magari makubwa. Chora umbo unaloliona kwa mistari michache tu. Mchoro mbaya bado utakulazimisha kutazama.

Kisha sogelea shina. Je, gome ni laini, limepasuka kwa mistari ya wima, au linabanduka vipande vipande? Mikaratusi ya spishi nyingi huacha gome la nje likaanguka kwa vipande virefu, na chini yake kukabaki ngozi laini yenye rangi kadhaa. Miti ya jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Platanus, iliyopandwa kwa wingi London na katika miji mingine ya Ulaya, hubandua gome lake kwa mabaka yanayoacha madoa ya manjano, kijani na kahawia. Ukikuta msumari wa zamani au kovu la tangazo, kumbuka kwamba haukupanda juu pamoja na mti: shina hunenepa mahali lilipo, na urefu huongezeka kwenye ncha za matawi pekee. Kwa hiyo msumari uliopigiliwa kwenye usawa wa kifua utabaki kwenye usawa huohuo mpaka gome liumeze.

Baada ya shina, lishughulikie jani, nalo ndilo lenye habari nyingi kuliko sehemu zote zinazopatikana mwaka mzima. Swali la kwanza ni la mpangilio: je, majani yameota mawili mawili yakitazamana kwenye kitawi, au yanapishana, moja huku na jingine kule? Swali la pili ni kama unachokishika ni jani zima au ni sehemu tu ya jani. Wanaoanza hukosea hapa kuliko popote, kwa kuwa miti mingi ina jani kubwa lililogawanyika katika vijani vidogo, na kila kijani kidogo huonekana kama jani kamili. Njia ya kuhakikisha ni kutafuta kichipukizi. Kichipukizi huota kwenye kwapa la jani, yaani pale kikonyo kinapoungana na kitawi, lakini hakioti kwenye kwapa la kijani kidogo. Fuata kikonyo kuelekea kwenye kitawi mpaka ukione kichipukizi, na hapo utajua jani linaanzia wapi. Jambo hili likishaeleweka, nusu ya ugumu wa kutambua miti huwa umekwisha.

Mfano mzuri wa mazoezi ni jakaranda (Jacaranda mimosifolia) na mkrismasi (Delonix regia), miti miwili ambayo imesambazwa katika miji mingi ya nchi za joto. Wakati wa maua hakuna anayeikosea, kwa kuwa mmoja huvaa zambarau na mwingine nyekundu. Maua yakiisha, yote miwili hubaki na majani makubwa yaliyogawanyika mara mbili katika vijani vidogo sana, na kwa mbali hufanana. Ukisogea utaona kwamba majani ya jakaranda yameota yakitazamana na ncha za vijani vyake zimechongoka, ilhali ya mkrismasi yanapishana na ncha za vijani vyake ni butu. Chini yake utapata uthibitisho: tunda la jakaranda ni kisahani kikavu cha mbao kinachofunguka pande mbili, na la mkrismasi ni ganda gumu, refu na jeusi, linaloweza kuzidi sentimita 40. Mmoja asili yake ni Amerika Kusini na mwingine ni Madagaska, na huenda inasimama mlango kwa mlango kwenye barabara moja.

Mvinje na msonobari nayo inastahili kulinganishwa. Yote miwili ina kinachoonekana kama sindano za kijani. Sindano za msonobari ni majani kweli, na zimefungana kwa mafungu, mara nyingi ya mbili, tatu au tano. Hesabu ya fungu husaidia kutofautisha spishi. Sindano ya mvinje (Casuarina equisetifolia) ni kitawi chembamba chenye viungo, na majani yake ni magamba madogo sana yaliyozunguka kila kiungo. Okota moja iliyoanguka, uivute taratibu, nayo itaachana kwenye kiungo. Kwa lenzi utaona duara la magamba hayo.

Jamii ya mikuyu na mitini, yaani jenasi ya Ficus, hujitambulisha kwa ishara mbili: utomvu mweupe unaotoka jani likikatika, na kovu la duara linalokizunguka kitawi mahali palipokuwa na ganda la kichipukizi. Baadhi yake huteremsha mizizi ya hewani ambayo, ikifika ardhini, hunenepa na kuwa mashina mapya. Katika bustani ya mimea ya Howrah, karibu na Kolkata nchini India, kuna Ficus benghalensis mkubwa ambao shina lake la asili liliondolewa mwaka 1925 baada ya kuharibiwa na kuvu, na mti umeendelea kuishi kwa mashina yaliyotokana na mizizi hiyo. Kwa hiyo ukikutana na mti wa jenasi hii ukiwa na mashina mengi, usidhani mara moja kuwa ni miti mingi.

Hatua ya nne: Tafuta jina

Ukishaandika uliyoyaona, ndipo utafute jina. Programu za simu kama Pl@ntNet na iNaturalist zina msaada mkubwa, lakini zitumike mwishoni. Piga picha ya sehemu moja kwa wakati: upande wa juu wa jani, upande wa chini, kitawi kinachoonyesha mpangilio wa majani, gome, na ua au tunda, kwa kuwa picha ya mti mzima kutoka mbali haizipi programu hizo habari za kutosha. Jibu linalotoka ni pendekezo, nalo lipimwe kwa maandishi yako. Programu ikikuambia mti ambao majani yake hutazamana, na wewe umeandika kwamba yanapishana, mwamini mtu aliyesimama mbele ya mti. Unapotuma picha kwenye iNaturalist, weka alama inayosema kuwa mti huo umepandwa na watu, ili wanaochunguza mimea ya porini wasipotoshwe.

Andika jina la kisayansi pamoja na jina la kawaida. Majina ya kawaida hubadilika kutoka eneo moja hadi jingine, na mara nyingine jina moja hubeba miti miwili tofauti kabisa. Usipoweza kufika kwenye spishi, kuishia kwenye jenasi ni jibu la heshima na la kweli.

Hatua ya tano: Upime

Wataalamu wa misitu katika nchi nyingi hupima unene wa mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na ukifuata kimo hicho vipimo vyako vitaweza kulinganishwa na vya wengine. Zungusha futi kamba kwenye shina, uandike mzingo, kisha ugawanye kwa 3.14 ili kupata kipenyo. Mzingo wa sentimita 157, kwa mfano, unatoa kipenyo cha sentimita 50.

Urefu hukadiriwa kwa kijiti. Nyoosha mkono mbele, ushike kijiti wima, na uhakikishe sehemu iliyo juu ya ngumi yako ina urefu sawa na umbali kati ya ngumi na jicho. Rudi nyuma kwenye ardhi tambarare, ukitazama unakokanyaga, mpaka ncha ya kijiti ikutane na kilele cha mti na sehemu ya juu ya ngumi ikutane na chini ya shina. Umbali kati yako na mti sasa ni takriban urefu wa mti, nao unaweza kuuhesabu kwa hatua ulizokwisha kuzipima nyumbani.

Hatua ya sita: Soma hali ya mti na mahali uliposimama

Anza na kitako cha shina. Shina lenye afya hupanuka linapokutana na udongo. Likiingia ardhini moja kwa moja kama nguzo, yaelekea lilipandwa kwa kina mno au lilifukiwa baadaye, na kufukiwa huko huidhoofisha mizizi taratibu. Mizizi mingi ya mti haizami mbali sana: sehemu kubwa iko katika nusu mita hivi ya juu ya udongo, na husambaa kwa upana kupita mwisho wa matawi. Kwa hiyo tazama umbali wote huo, wala si shimo dogo lililoachwa kwenye saruji. Udongo ulioshindiliwa na magari, mtaro uliochimbwa upande mmoja, na saruji iliyoinuliwa ni habari za mizizi usiyoiona.

Kisha tazama makovu ya kupogolewa. Mti hauponyi jeraha kwa kurudishia tishu iliyokufa. Hulizingira na kulifunika kwa tishu mpya, jambo ambalo mtafiti wa Marekani Alex Shigo alilieleza kwa kina baada ya kuyapasua mashina mengi. Tawi lililokatwa kwa usahihi, nje kidogo ya uvimbe unaoliunganisha na shina, huacha kovu la mviringo linalojifunga kutoka pande zote. Lililokatwa likaachwa kigutu, au likakwanguliwa mpaka kwenye shina, huacha mlango wa kuoza. Inauma kuona mti wa miaka mingi umekatwa kichwa chote, na katika daftari lako liandike jambo hilo kwa tarehe, kwa sababu matawi dhaifu yatakayochipuka hapo ndiyo huanguka baadaye. Uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu kwenye kitako ni dalili ya kuoza kwa ndani, na mti wa namna hiyo utazamwe kwa mbali na kuripotiwa kwa wanaohusika.

Madoa ya kijivu, kijani au rangi ya chungwa yaliyoshikamana na gome ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, nayo hayaudhuru mti. Mwaka 1866 mtaalamu wa likeni William Nylander alieleza kwamba likeni zilizokuwa katika bustani ya Luxembourg mjini Paris zilikuwa zikikosekana kwingineko mjini humo, naye akalihusisha jambo hilo na usafi wa hewa. Unaweza kufanya uchunguzi mdogo wa aina hiyo kwa kulinganisha miti ya spishi moja, mmoja kando ya barabara yenye magari mengi na mwingine katika uchochoro uliotulia. Ulinganisho uwe wa spishi moja, kwa kuwa likeni hupendelea magome fulani kuliko mengine.

Hatua ya saba: Hesabu mtaa mzima

Baada ya matembezi kadhaa utakuwa na orodha ya kutosha kuuliza swali linalohusu mtaa wote. Mwaka 1990 mtaalamu Frank Santamour alipendekeza kwamba miti ya jiji isizidi asilimia 10 ya spishi moja, asilimia 20 ya jenasi moja na asilimia 30 ya familia moja, yaani kundi la jenasi zenye undugu. Sababu ilikuwa wazi. Katika karne ya 20 ugonjwa wa kuvu unaoenezwa na wadudu wa magome uliua miti mingi mno ya jenasi ya Ulmus huko Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako barabara nzima zilikuwa zimepandwa mti huo mmoja. Mahali pengi pengo likajazwa kwa miti ya jenasi ya Fraxinus, na mwaka 2002 mbawakawa mdogo wa kijani kutoka Asia akagunduliwa karibu na Detroit, akaanza kuimaliza nayo. Hesabu miti ya barabara yako kwa spishi, ugawanye kwa jumla, na uone kama mdudu mmoja angetosha kuiacha tupu.

Kipimo kingine kilitolewa mwaka 2021 na mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk: kila mtu aweze kuona miti mitatu kutoka nyumbani kwake, mtaa uwe umefunikwa na vivuli vya miti kwa asilimia 30, na bustani au eneo la kijani lililo karibu lisiwe mbali na nyumbani kwake kwa zaidi ya mita 300. Sehemu ya kwanza na ya tatu unaweza kuzipima leo kwa macho na kwa miguu. Ya pili ikadirie kwa picha ya setilaiti: weka juu yake gridi ya nukta 100, uhesabu ngapi zimeangukia kwenye miti.

Hatua ya nane: Rudi kwenye miti ileile

Rudia njia hiyo mara moja kwa mwezi, na kwa kila kituo uandike tarehe, hali ya majani, maua, matunda, na wanyama au wadudu uliowaona. Hapo ndipo utakapogundua, kwa mfano, kwamba majani ya mkungu hugeuka mekundu kabla ya kuanguka hata katika nchi zisizo na baridi, au kwamba miti miwili ya spishi moja huchanua kwa wiki tofauti kwa sababu mmoja uko chini ya taa ya barabarani au juu ya bomba linalovuja.

Ukirudi ukakuta kisiki, usikipite. Pima kipenyo, tazama kama katikati pameoza, na uhesabu miviringo kama inaonekana. Katika nchi zenye majira makali ya baridi, mviringo mmoja kwa kawaida ni mwaka mmoja. Katika nchi za joto zisizo na msimu mkali, mviringo unaweza kukosekana au kujitokeza miwili kwa mwaka, kwa hiyo hesabu hiyo iandikwe kama idadi ya miviringo, isiandikwe kama umri.

Orodha ikishakomaa, iingize kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo inaruhusu mti mmoja mmoja kuwekwa mahali pake pamoja na jina la spishi, urefu na mzingo. Weka tu miti uliyoitembelea mwenyewe, acha nafasi ya spishi wazi pale usipokuwa na hakika, na usiweke miti iliyo ndani ya nyua za watu. Mti uliokatwa uondolewe kwenye ramani siku hiyohiyo unaporudi nyumbani, kabla daftari halijafungwa.